Ukurasa wa Ishirini

Baba alisoma mita za gesi mitaa ya Oldham,
na kila likizo akasoma magati:
hakuyapima kwa futi wala mita,
aliyapima kwa viatu vyake,
kisha akaandika kwa penseli iliyotafunwa:
Hatua mia nne na kumi na mbili. Upepo mkali. Chai mbaya.
Chini yake akabandika tiketi.

Mimi na Clive tulilala kifudifudi juu ya mbao,
tukaichungulia bahari kupitia nyufa,
kijani, vipande vipande,
na nguzo za chuma zilizovaa kome hadi kiunoni.
Clive alidondosha peni, akatega sikio.
Hakusikia kitu. Akalia.
Mama akasema: umeshalipa ushuru, sasa tembea.

Watu wa kofia ndefu na sketi za kuburura
waliwaza jambo la ajabu:
kwenda baharini na viatu vikavu.
Wakajenga barabara isiyofika popote,
wakaitia taa, bendi, ukumbi wa dansi,
wakatoza kiingilio.
Nakumbuka wazee watatu humo wakicheza wawili wawili,
wa tatu akingoja zamu, ameshika mikoba yote.
Ukifika mwisho unageuka.
Mwenda tezi na omo.

Kumi na tisa aliyamaliza.
Wa ishirini ulikuwa ukurasa mtupu,
jina tu, na mstari umepigwa kwa rula.
Tulimzika Novemba.
Machi, Mama, miaka themanini na moja, goti la bandia,
akaniambia: nipeleke.

Sikumwambia. Alijua.
Moto kwanza, halafu dhoruba,
halafu halmashauri na mafaili yake.
Palibaki vibanda viwili vya tiketi, vimepigiliwa mbao,
kisha hewa,
kisha kule majini mifupa ya ukumbi,
sentensi iliyopotewa na kitenzi.
Kwezi waliingia bila kubisha,
wakatoka wote kwa pamoja, wakabadili nia.

Mama alivua kofia.
Sijui ilikuwa heshima au upepo.
Maji yalikuwa yamekupwa.
Akashuka ngazi upande upande,
akagusa kisiki cha nguzo ya kwanza,
akaanza kuhesabu kwa sauti,
fimbo ikizama kwenye kokoto,
moja,
mbili,
mwanamume mwenye mbwa akampisha, akidhani anasali,
kumi na nane, akapumzika,
kumi na nane tena, maana alisahau,
hadi kiatu kikalowa.

Thelathini na saba. Andika.
Mama, zilikuwa mia tano na zaidi.
Andika thelathini na saba. Zilizobaki naidai bahari.

Nikaandika. Nikaongeza: Upepo mkali.
Chai tuliipata kwa Mturuki mmoja kando ya barabara,
nayo ilikuwa nzuri,
jambo lililomuudhi kidogo,
kwa kuwa sasa hakujua tuandike nini.

Kwenye kioo cha gari tulikuta faini:
maegesho, dakika kumi na moja zaidi.
Mimi nikatukana hadi shakwe wakaruka.
Yeye aliikunjua gotini,
akasoma tarehe, saa, jina la mji,
akailainisha kwa kiganja
kama alivyokuwa akilainisha kola za Baba,
akaniuliza kama nina gundi.