Tiketi ya Waridi

Saa kumi na mbili na robo. Kibanda bado kimelala ndani ya ukungu.
Nawasha taa, napuliza vidole,
nafungua bunda la tiketi za waridi.
Jina langu Ubaldina Siachoque.
Nauza njia ya kupanda ziwani:
peso elfu tisa mtu mzima, mtoto nusu,
mbwa haruhusiwi hata akilipa.

Huko juu hakuna mti wa kujivunia.
Kuna frailehoni,
majani yake yana manyoya kama masikio ya punda mchanga.
Husimama kwenye baridi bila koti,
huukamata ukungu na kuukamua
tone, tone,
tone likazama kwenye tope jeusi,
tope likaliwaza mwezi mzima kabla ya kuliachilia.
Kwa mwaka hukua upana wa ukucha.
Uliokwisha kunipita kimo
ulikuwapo kabla bibi yangu hajabatizwa.

Jumapili alikuja bwana mmoja, viatu vipya.
"Elfu tisa? Kwani mlima mmeujenga ninyi?
Maji ya Mungu mnayatoza kiingilio?"
Foleni ikakohoa nyuma yake.
Nikamuuliza, unakaa wapi?
Akataja mtaa, kule bondeni, ghorofa ya nne.
Asubuhi umekunywa kahawa?
Nimekunywa.
Basi mlima huu umeumeza tangu alfajiri.

Ningeweza kumsomea daftari:
seng'enge mita mia nane kuizunguka chemchemi,
ng'ombe wasiukojolee mji kikombeni;
choo kilichohamishwa mbali na kijito;
vichupa kumi na viwili vya Yorladi wa maabara,
anayepanda kila Alhamisi ya kwanza na sanduku la barafu
na akishuka hasemi neno
mpaka karatasi zimsemee.
Na kaka yangu Evelio.

Evelio alilima viazi hadi ukingoni mwa tope,
pale pale alipolima baba.
Dawa ya viazi haina miguu, lakini mvua huibeba.
Wakamlipa ashuke hatua mia mbili,
wakamlipa kwa tiketi hizi hizi, za mkono wangu.
Akatia saini.
Tangu Pasaka hajala mezani kwangu.
Hilo halimo daftarini.

Wala haimo Septemba ile
mapato ya mwezi yaliposhuka mjini
yakarudi yakiwa rangi ya lango la manispaa.
Lango zuri. Kijani kibichi.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
na kibaba kikitoboka?
Tulifunga njia siku tatu,
wauza tiketi, waongoza wageni, na mama wa mahindi ya kuchoma
ambaye hakuwa na hisa yoyote isipokuwa hasira.
Tulikaa mvuani mpaka wakaandika kwa wino:
peso iliyoingilia hapa itumike hapa juu.
Nakala nimeibandika ndani ya dirisha.
Unyevu umeshaila pembe moja.

Yule bwana alilipa.
Alihesabu sarafu moja moja, apate kuniaibisha,
nami nikazihesabu tena, moja moja.

Alishuka alasiri, kalowa, viatu si vipya tena.
"Ule mmea wa manyoya unaitwaje?"
Nikamwambia. Akajaribu kulitamka, likamshinda.
Hakuomba radhi, wala sikuwa nikingoja.
Akajaza chupa yake kwenye bomba la kibanda,
akaiinua kwenye mwanga,
akatafuta kitu ndani yake, kwa muda mrefu,
hakukiona.
Akanywa.

Tiketi yake ilidondoka matopeni. Nambari 4417.
Niliiokota, nikaifuta kwa sketi, sijui kwa nini.

Saa kumi na moja nafunga.
Njia ya nyumbani hupita kwa Evelio.
Taa yake inawaka, viazi vipya vimetoa maua meupe,
na mfereji wake, hata gizani, nausikia umejaa.
Nasimama kidogo langoni.
Bado sijapiga hodi.