Maneno Tisa

Ulimi hauna mfupa; wangu umenilisha.
Miaka arobaini nimekula mkate wa mabwana wa Ludlow
kwa kazi ya kusimama kati ya watu wawili
na kuwa mlango.
Mlango haukumbuki nani kapita.
Mimi nakumbuka.

Walikwenda kuposa milimani wakati wa theluji,
wapanda farasi sita na padri mwenye mafua,
na mezani kwa baba yake nikageuza hesabu:
ng'ombe mia tatu,
kivuko cha mto Teme,
mateka kumi na wawili warudishwe, macho yao yakiwamo.
Binti alitajwa mwisho, baada ya chumvi.

Jina lake Tangwystl.
Bwana Hamo akauliza, maana yake nini?
"Rehani ya amani," nikasema,
na meza nzima ikacheka
kana kwamba mama mtu, kwenye uchungu wa kuzaa,
alikuwa ameshausoma mkataba.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu.
Hakuwa na kungwi. Aliyempamba ni mjane wa mchuna ngozi,
akamkaza kitambaa kichwani
kama mtu afungaye gunia la sufu.

Mlangoni pa kanisa mvua ya mawe ilitupiga sote sawa,
bwana na mchunga nguruwe.
Padri akauliza; nikageuza:
"Unamridhia mtu huyu?"
Akanitazama mimi, si yeye.
Akasema maneno tisa.
Umati ukageukia kinywa changu.
Nyuma yangu mateka kumi na wawili, kamba mikononi,
na mmoja wao alikuwa mtoto wa dada yangu.

Nikasema: "Ndiyo."

Kengele zikapigwa.

Alijifunza Kifaransa jikoni, kwa wapishi,
kwa hiyo alijua matusi kabla ya salamu.
Akazaa watatu, akazika wawili.
Mwaka wa sita aliniita chumba cha mnarani,
akawa anamenya tufaha, ganda halikatiki,
akasema kwa lugha ya bwanake, taratibu:
"Siku ile ulisema neno moja. Mimi nilisema tisa.
Yale manane uliyapeleka wapi?"
Mimi, mwenye majibu kwa lugha nne,
nilitazama ganda likishuka hadi sakafuni.

Amani ile ilidumu miaka kumi na mmoja.
Kisha kaka yake akavuka kivuko usiku
na mienge, ngano ikiwa imekomaa.
Hamo akaita kamba. Deni lisipolipwa,
alisema, rehani hufanywaje?
Hakuna aliyehitaji tafsiri.

Akashuka mtoni mwenyewe alfajiri,
amevaa buti za mumewe, zinapwaya,
akasimama majini hadi magotini, majeshi huku na huku.
Mimi aliniacha ukingoni kama fimbo ya mtu aliyepona.
Akamwambia kaka yake, kwa lugha ya nyumbani:
"Hamo anakulilia msamaha, ila ana haya."
Akageuka, kwa Kifaransa:
"Ndugu yangu anakuomba radhi. Usimtazame, ataona aibu."
Jeshi zima la pande zote mbili,
mtu mmoja tu ndiye aliyesikia vyote viwili,
na mtu huyo akafunga mdomo wake.

Panga zikarudi alani.
Nikajua nimepata mwanafunzi,
na kwamba amenipita.

Wamemlaza chini ya jiwe, upande wa kaskazini,
penye ubaridi. Jina lilimshinda mchongaji,
akaandika "mke wa Hamo", akalipwa, akaenda zake.
Sasa meno yamenitoka, na mlango usio na bawaba
haufungiki tena. Deni nililokaa nalo
nalilipa leo, bila pungufu. Hesabuni.
Alisema, mtoto yule, kwenye mvua ya mawe:

"Mbwa wangu amebaki ng'ambo; nani atampa maji usiku huu?"