Pindo

Meneja hakuwa na pesa, alikuwa na vyumba.
"Mama Tatu," akasema, "laki moja na themanini
utaifanyia nini? Lala kwetu usiku mmoja,
ghorofa ya tatu, na chai ya asubuhi imo.
Kwa wageni bei yake inapita deni lako."
Nikapiga hesabu kwa vidole, kama ninavyopima nyonga.
Miezi mitano nimemfuata, miezi mitano "njoo Jumatatu".
Nikapokea ufunguo. Si ufunguo hata, ni kadi,
nyembamba kama chaki ya kuchoria kitambaa.

Ndivyo mimi, Mwamini binti Kasanda,
fundi cherehani, kibaraza cha tatu kutoka msikitini,
nilivyovuka barabara ya Ujiji na kikapu mkononi
nikawa mgeni mtaani kwetu.

Mapokezi wameandika ukutani: KARIBU MTAA WA KALE.
Mlango wa marehemu Bi Nyota wameununua,
ule wenye misumari ya shaba, uliokuwa ukilia ukifunguliwa.
Wameupaka vanishi, taa ya manjano inaumulika.
Nikausukuma kidogo, kwa mazoea.
Nyuma yake ukuta.
"Huo ni wa kutazama, mama," akasema Hamimu wa mapokezi,
ambaye sare yake ya kwanza ya shule niliishona mimi.

Chumba. Jamani, chumba!
Kitanda cha kulala watu wanne wasiosemezana.
Mito sita, nikaihesabu mara mbili,
nikadhani mingine ni ya jirani.
Maji ya moto yanatoka bombani tayari yana hasira.
Taulo wameikunja ikawa bata;
nikaona haya kumvunja shingo,
nikajifuta kwa kanga yangu.

Dirishani, chini kabisa, bati langu,
lile lenye kiraka cha bluu na jiwe juu yake.
Miaka ishirini na sita sijawahi kuliona kwa juu.
Harufu ya mawese ya Mama Chausiku
ikapanda mpaka ghorofa ya tatu
bila kadi.

Nikavuta pazia. Nikalijua.

Mapazia ishirini na mawili nilishona, na hili la mwisho
ni la usiku ule umeme umekatika,
mama anahema chumba cha pili,
simu nimeing'ata kwa meno inimulikie,
mguu kwenye kanyagio, sikio ukutani.
Saa tisa akaniita. Pindo nikaliacha nusu.
Nilirudi baada ya arobaini, nikalimaliza mbio mbio
kwa uzi mwingine, mweupe usiofanana na mweupe.

Hakuna mgeni aliyeliona. Wageni wanatazama ziwa.
Mimi lilinitazama lenyewe: linapanda, linashuka,
kama mwandiko wa mtu aliyekuwa akilia.

Kwenye ukosi wa gauni sikosi sindano.
Nikakaa sakafuni, miguu nimeinyoosha kwenye zulia lao,
nikafumua. Uzi wa mbio mbio ukatoka wote.
Nikaufikia uzi wa usiku ule.
Ule sikuugusa.
Kuanzia pale aliponiita nikashona upya,
mishono midogo, punje za ulezi,
hadi adhana ya alfajiri.
Kitanda nilikitumia kona tu, kukalia nikivaa viatu.

Asubuhi mayai, mkate, tikiti limechongwa ua.
Nikauliza mgebuka. Hakuna.
"Wageni hawapendi miiba."

Natoka, Hamimu akaniletea karatasi:
maji ya kwenye friji, chupa moja, elfu tatu.
"Si niliambiwa bure?"
"Chumba bure, mama. Maji siyo."
Nikautazama mlango wa Bi Nyota pale ukutani,
shaba zake zinang'aa kuliko alipokuwa hai.
Nikaweka kadi mezani, nikajitwika kikapu,
nikamwambia polepole, kwa sauti ya meneja wake:
"Njoo Jumatatu."