Gazeti Kifuani

Saa kumi na moja alfajiri, Sogamoso ingali gizani,
nimeinama mlangoni nafunga viatu.
Yolanda ananirushia gazeti la jana, jicho moja limefumba:
"Chukua, usije ukaniletea mafua humu ndani."
Nalikunja mara mbili, nalitia mfukoni mgongoni.
Zamu yake itafika wakati wa kushuka.

Kwanza kupanda.

Barabara ya ziwani haibishi hodi.
Inaanza nyuma ya matanuri ya matofali,
inanyanyuka ghafla kama mtu aliyeudhiwa,
nami, mwenye miaka hamsini na mitatu,
muuza misumari na bawaba,
naifuata kwa adabu: pumzi, pedali, pumzi.

Sijawahi kushinda chochote. Niandikeni hivyo.
Miaka kumi na tisa, kila Alhamisi, kila Jumapili,
barabara hiihii, mashimo yaleyale
ninayoyajua kwa majina: hili Sahani,
lile la Padre (padre Anselmo alitumbukia humo na gari lake, akatukana),
na lile lililonivunja mtulinga
halina jina; bado hatusemezani.

Kuna siku mapaja yanakuwa ya mtu mwingine,
mtu mvivu, tena mdeni,
na upepo wa ziwani unanikabili uso kwa uso
kama karani wa benki.
Pancha penye msalaba wa njiani. Mvua. Pancha tena.
Mbwa wa bibi Obdulia, mpole kwa dunia nzima,
ana ugomvi na mpira unaozunguka.
Malori ya vitunguu majani yananikosa kwa unywele
na kuniachia machozi yasiyo na msiba.
Siku hizo nauliza, kwa sauti, ni nani aliyenituma.
Mnyororo peke yake hujibu: chikichiki, chikichiki.

Zamani tulikuwa wawili.
Otoniel mbele, mimi nimejibanza nyuma ya gurudumu lake,
yeye akilipa upepo, mimi nikipita bure.
Kisha goti lake likasema basi.
Sasa hunisubiri mlangoni kwake, kilomita ya kumi,
na kikombe cha maji moto ya sukari guru.
Hunipa mkono kwa mkono, nisisimame,
na macho yake hayako usoni kwangu, yako kwenye gia.
"Umechagua nyepesi mno," husema.
Kila mara. Na kila mara nabadilisha,
natweta kwa heshima yake mpaka kwenye kona,
na akishaacha kuniona
naurudia wepesi wangu.

Halafu, bila tangazo, juu.

Ziwa. Sitalieleza;
limenishinda mara elfu moja na mia tisa na kitu.
Mguu mmoja chini, mvuke unanitoka kichwani kama sufuria,
natafuna kipande cha halua ya mapera,
na kwa dakika nne sidaiwi na mtu.

Sasa gazeti.
Nalikunjua, nalisokomeza chini ya jezi,
habari baridi juu ya jasho la moto.
Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma:
haya, tuicheze.
Vidole vinakufa juu ya breki,
machozi yanakimbilia masikioni,
kona inalala, nalala nayo,
na saa nzima na nusu ya jasho
naitapanya kwa dakika ishirini
kama mlevi siku ya mshahara.
Napiga ukelele. Hamsini na mitatu, na napiga ukelele.

Mbwa wa Obdulia hawahi hata kusimama.

Nyumbani navua. Wino umehamia kifuani,
herufi zimegeuka kinyumenyume.
Yolanda anachukua kioo changu cha kunyolea,
anakishika mbele ya mbavu, anasoma kwa kudonoa:
"Bei ya vitunguu... imepanda..."
anateremsha kioo hadi kwenye kitambi,
"...inatarajiwa kushuka."

Anacheka mpaka kioo kinatetemeka.
Mimi, kwa pembe ya jicho,
natafuta lilipo gazeti la leo.