Ganda la Kitunguu

Meza ya Fundi Ndekirwa haizidi sinia la maandazi.
Ipo barazani kwa muuza vitenge, Moshi, nyuma ya soko la kati,
na mvua ikipiga upande huo anaifunika kwa mwili wake.

Leo kuna jua. Amezipanga:
moja uso wake bluu ya kufulia,
moja kijani, lakini kijani cha chini ya jani la mgomba, chenye vumbi,
na moja manjano ya yai la kienyeji, mali ya mzee Mbonea wa reli,
anayetuma hela isafishwe kila Desemba
na hajawahi kuja kuichukua.

Kisha ya baba.

"Hii ilitoka kiwandani nyeusi," anasema, lenzi jichoni.
Mimi nimeijua hivi hivi.
Ningependa kusema ni rangi ya kahawa,
maana baba alipima magunia ya kahawa miaka ishirini na mitatu;
ingependeza.
Lakini si kahawa. Igeuze kidogo mwangani:
ganda la kitunguu, lile la ndani, jembamba,
hudhurungi inayoficha zambarau.

Baada ya mazishi mama aliitundika
kwenye msumari wa dirisha la jikoni, linalotazama machweo.
Hakuna aliyeitia ufunguo. Miaka kumi na mmoja
jua liliingia humo kila alasiri bila kubisha hodi.
Tulidhani imekufa.
Kumbe ilikuwa inaiva.

"Nina kijana Arusha, anarudisha weusi na tarakimu zote.
Utadhani imenunuliwa jana."
Jana pia baba hakuwepo, nataka kumjibu.
Nasema tu: safisha mashine. Uso uache.

Anapuliza. Tone la mafuta, dogo kuliko jicho la sisimizi.
Anazungusha kichwa cha saa kwa vidole viwili,
taratibu, kama anayeonja chumvi,
na kitu ndani kinaanza kutafuna.

Mishale inajibandua ilipolala.
Chini yake, tazama: mistari miwili, myeusi tii,
mmoja mfupi, kwenye tatu,
mwingine mrefu, umepita kidogo kumi na mbili,
palipokingwa na jua muda wote huo.

Saa tisa na dakika mbili.

Elfu kumi na tano, anasema. Naomba apunguze; anakataa;
nalipa. Mara mbili kwa siku
mishale itairudia mistari ile, itailalia dakika moja,
halafu itaondoka.