Foleni Nane

Chumba cha swichi, hospitali ya Wete, saa tano usiku.
Feni inakoroma. Taa za kijani zinakonyeza.
Nimekalia ndoo iliyopinduliwa,
kompyuta mapajani, waya wa buluu mkononi.

Juzi Daktari Asaa alimpigia bingwa wa Unguja,
mama yuko mezani, kondo limetangulia,
na sauti ya bingwa ikaja vipandevipande:
shi... damu... usi...
Usi nini? Usifunge? Usisubiri?
Ghorofani, chumba cha mahesabu,
watu wanne walikuwa wakitazama mpira.
Njia moja ya kutokea, wote humo humo.
Goli liliingia safi, halikukatika.
Mama kapona. Kwa bahati, si kwa waya.

Basi nazipanga foleni, sifuri hadi saba.
Kila pakiti naibandika lebo mlangoni,
maana swichi haisikii kilio, inasoma namba.
Sauti: arubaini na sita, ipishwe.
Picha za eksirei zifuate, nzito lakini zina subira.
Mishahara, barua, hesabu ya dawa, katikati.
Mpira na kila kisicho na jina, chini.

Alasiri Mkurugenzi alinipigia:
"Raya, ofisi yangu iweke juu."
Mwenye nguvu mpishe, ndivyo tulivyolelewa.
Nikamuuliza: wote wakiwa mbele, Bwana Mbarouk,
mbele itakuwa wapi?
Akanyamaza. Kisha akacheka, kidogo.

Na hiyo ya mbele nayo nimeitia mpaka:
isizidi thuluthi ya njia.
Wa mbele asiye na kikomo
humuua wa nyuma kwa njaa,
na wa nyuma naye ana haki yake,
hata akiwa mpira.

Nahifadhi. Swichi inasita, inakubali.

Nampigia Khelef, Maskati, miezi saba sasa.
Uso wake unatokea, unaganda,
mdomo wazi katikati ya jina langu,
miraba ya rangi mashavuni.
Natazama lebo yake: sifuri.
Mwandiko wangu, wa dakika sita zilizopita.

Mlango wa tisa taa yake haitulii:
Daktari Asaa anapeleka picha Unguja.
Ningeweza. Mstari mmoja tu, nani angejua?
Nauondoa mkono kwenye vitufe.

Kutangulia si kufika, Khelef.
Ngoja hapo hapo ulipoganda,
kifua cha mtu kinapita.