Chupa Sita Ndani ya Soksi

Lamara amezivisha chupa soksi za mumewe,
sufu nzito za theluji, moja ina tundu kidoleni;
namba kazishona kwa uzi mwekundu.
Nje, Telavi imekakamaa kwa baridi.
"Leo," asema, "ulimi hauna macho."

Ya kwanza: Tengizi anaona cheri,
mkewe anaona mvua juu ya vumbi,
mimi naona divai tu, naificha aibu glasini.
Ya pili, ya tatu: tunabishana kama mawakili
wa mshtakiwa tusiyemjua.

Ya nne.
Nugzari, bingwa wa mizabibu,
anainusa, anaisukutua, anaitema ndooni.
"Siki hii! Aliyeikamua ang'oe shamba, apande matikiti."
Tunacheka. Tunaandika sifuri.

Ni Tsiala, asiyekunywa,
aliyekuja kutuendesha kurudi makwetu,
anayeinua glasi puani, haionji,
kisha asema taratibu:
"Hili ni ghala la Nugzari.
Ule unyevu wa ukutani, ule mlango usiofungika.
Mwaka ule Manana alipolazwa,
zabibu zikavunwa na majirani, usiku, kwa tochi."

Soksi inavuliwa.
Kwenye lebo, mwandiko wa Manana,
herufi zimelala kama majani baada ya upepo.
Tengizi anafumbua mdomo, ana methali;
anaimeza na kipande cha jibini.

Nugzari haongei.
Anaivuta chupa karibu,
anajimiminia hadi ukingoni,
anainywa siki yake yote,
halafu anaiomba ile soksi.